Mke wa Mchungaji Katika Mbuga za Iowa: Elisabeth Koren na Kanisa la Majumbani, 1853–1855

Mtu asomaye historia ya makanisa ya Kilutheri yaliyoanzishwa Marekani na wahamiaji kutoka Norwei hukutana mapema na jina la Ulrik Vilhelm Koren. Alizaliwa Bergen mwaka 1826, akawa mchungaji wa kwanza wa Kinorwei kufanya makazi magharibi ya mto Mississippi, akachagua mahali pa kujenga Luther College mjini Decorah, na tangu 1894 hadi alipofariki mwaka 1910 alikuwa rais wa Sinodi ya Kinorwei. Habari zake zimo katika kumbukumbu za mikutano na katika maandiko ya mabishano juu ya mafundisho. Mkewe hutajwa humo kwa sentensi moja au mbili: kwamba alikuwapo, na kwamba alikuwa msaidizi mwema.

Kwa bahati njema, mke huyo alikuwa na shajara. Tangu walipoiacha Norwei mwaka 1853 hadi mwaka 1855 aliandika karibu kila siku yale aliyoyaona, aliyoyala, aliyoyaogopa na aliyoyangojea. Katika makala haya nakusudia kuisoma shajara hiyo kama hati ya historia ya kanisa. Wengi wameitumia kama pambo: hupata humo kisa kimoja au viwili vya kuchekesha juu ya maisha magumu ya wahamiaji, kisha hurudi kwenye kumbukumbu za Sinodi ambako, kwa maoni yao, ndiko historia yenyewe iliko. Mimi naona kinyume. Usharika wa Washington Prairie ulipokewa kwanza na wanawake majumbani mwao, kabla haujawa na jengo wala sheria. Na kanisa hilo, lilipopata nguvu, lilichelewa sana kuwapa wanawake hao nafasi.

Elisabeth Hysing alizaliwa tarehe 24 Mei 1832 katika mji wa Larvik, kusini mwa Norwei. Baba yake alikuwa mwalimu, mkuu wa shule. Jambo hili lina uzito kuliko msomaji wa leo awezavyo kudhani. Katika Norwei ya siku zile watu waligawanyika kati ya tabaka la maofisa, yaani wachungaji, mahakimu, walimu wakuu na maafisa wa jeshi, na tabaka la wakulima. Matabaka haya yalikuwa na lafudhi mbalimbali, meza mbalimbali, hata majina ya heshima mbalimbali: mke wa ofisa aliitwa Frue, na mke wa mkulima hakuitwa hivyo. Mchungaji alikuwa mtumishi wa serikali, na nyumba yake ilikuwa mara nyingi kubwa kupita zote katika mtaa. Binti aliyelelewa kwenye vitabu, muziki na mazungumzo ya watu waliosoma, akiolewa na mchungaji, alitarajia kuendelea na maisha ya namna hiyohiyo.

Koren aliwekewa mikono mwaka 1853 kwa ajili ya wito kutoka Iowa, akamwoa Elisabeth mwaka huohuo, na mnamo Septemba wakaondoka. Walisafiri kwa merikebu kutoka Hamburg, wakafika New York mwezi Novemba. Kutoka huko waliendelea magharibi, wakapita Wisconsin ambako wachungaji wenzao wa Kinorwei walikuwa wametangulia, wakauvuka mto Mississippi wakati wa barafu, na katika siku za Krismasi wakawa wamefika Washington Prairie, kilomita chache kutoka Decorah. Bwana arusi alikuwa na miaka 27. Bibi arusi alikuwa na miaka 21. Nyumba ya mchungaji waliyoitarajia haikuwapo.

Chumba kimoja

Waliopewa kazi ya kuwapokea ni Erik na Helene Egge, wakulima waliokuwa na watoto wawili wadogo. Nyumba yao ilikuwa ya magogo, yenye chumba kimoja cha ukubwa wa futi 14 kwa 16 hivi, sawa na mita nne na kitu kwa karibu mita tano. Ndani ya chumba hicho palikuwa na jiko la chuma, meza, vitanda na masanduku. Pazia la kitambaa cha pamba liligawanya mahali pa kulala: upande mmoja familia ya Egge, upande wa pili mchungaji na mkewe. Walikaa hivyo, watu sita, karibu majira yote ya baridi.

Inafaa tukae kidogo katika chumba hiki, kwa sababu ndicho kilichokuwa ofisi ya mtaa mzima. Humo mchungaji alitayarisha mahubiri huku watoto wakicheza miguuni pake. Humo waliingia wakulima tangu asubuhi, wengine baada ya kutembea mwendo mrefu katika theluji: huyu amekuja kuandikisha ubatizo, yule anataka kujiandikisha kwa Meza ya Bwana, mwingine ana mgonjwa nyumbani. Kwa desturi ya kanisa la Norwei, mtu alipaswa kumwona mchungaji kwanza kabla ya kwenda Mezani. Katika nchi ya kwao mazungumzo hayo yalikuwa na chumba chake. Hapa yalifanyika mbele ya mama Egge aliyekuwa anakoroga uji, na mbele ya Elisabeth aliyekuwa anashona karibu na dirisha ili apate mwanga.

Mchungaji hakukaa sana. Mtaa wake ulienea katika kaunti kadhaa za kaskazini-mashariki ya Iowa na kuingia Minnesota. Alikwenda na magari ya theluji ya wakulima, akalala kwao, akahubiri nyumba hadi nyumba, akabatiza watoto waliokuwa wamekwisha kuanza kutembea. Siku zilipita, na wakati mwingine juma zima. Aliyebaki katika chumba kile alikuwa mkewe, mgeni katika nyumba ya watu wengine, asiye na jiko lake wala kabati lake, wala mlango wa kuufunga.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya shajara ni habari za kungoja. Anamngoja mumewe: anakwenda kutembea hadi mahali awezapo kuiona njia, anarudi. Anangoja barua kutoka Norwei, ambazo zilichukua wiki nyingi kuvuka bahari na nchi kavu. Baadhi ya wasomaji wameyaona maneno haya kuwa ya mwanamke aliyedekezwa. Nadhani hawajapata kukaa nyumbani wakati mwenzao yuko njiani katika dhoruba ya theluji, bila simu, na bila mtu wa kuuliza.

Chakula nacho kina nafasi yake. Majira yote ya baridi ilikuwa nyama ya nguruwe: ya kuchemsha, ya kukaanga, asubuhi na jioni, pamoja na mkate, viazi na kahawa. Elisabeth analitaja jambo hili kwa mzaha, lakini mzaha wenye kuchoka, na anatamani samaki wabichi wa kwao pwani. Hata hivyo tusisahau upande wa pili wa pazia. Nyama ile ilikuwa akiba ya familia ya Egge. Walikuwa wahamiaji wapya, wenye shamba ambalo bado lilikuwa linavunjwa udongo wake, na katika majira ya baridi mkulima wa namna hiyo anahesabu kila kipande. Walikilisha kinywa cha mchungaji na cha mkewe pamoja na vya watoto wao.

Hapa ndipo shajara inaponena kuliko mwandishi wake alivyokusudia. Elisabeth anawapenda wenyeji wake, anashukuru, tena husema wazi kwamba walimtendea kwa wema mwingi. Lakini anawaangalia kwa macho ya Larvik. Anaona tabia za wakulima kama mgeni atazamavyo desturi za nchi nyingine, ingawa lugha ni moja na Katekisimo ni ileile. Kule Norwei asingalilala chumba kimoja na mke wa mkulima hata usiku mmoja. Marekani ilifanya kwa miezi michache jambo ambalo karne tatu za kanisa la serikali hazikulifanya: mke wa mchungaji na mke wa mkulima walichota maji katika ndoo moja. Helene Egge hakuandika shajara. Tunamjua kwa maneno ya mgeni wake tu, na nyuma ya kila sentensi ya shukrani tunapaswa kumwona mwanamke aliyeamka mapema zaidi ya wote ili kuwasha jiko.

Nilipokuwa mchungaji kijana, ibada za mtaa wetu mmoja zilifanyika sebuleni kwa mzee wa usharika. Daftari liliandikwa: ibada imefanyika kwa mzee fulani, waliohudhuria ni kadha wa kadha. Jina la mama aliyefagia, akaazima mikeka kwa majirani na kutupikia sote halikuandikwa. Mwandishi wa daftari hilo nilikuwa mimi.

Madhabahu juu ya meza ya kulia

Ibada za Krismasi ile ya kwanza zilifanyika katika nyumba za wakulima, na ndivyo ilivyoendelea. Meza ya kulia ilitandikwa kitambaa cheupe ikawa madhabahu. Mchungaji alivaa kanzu nyeusi na kola pana nyeupe ya mikunjo, vazi la kanisa la Denmark na Norwei, hata kama alisimama baina ya jiko na kitanda. Mwimbishaji aliongoza nyimbo bila kinanda. Watu walijaa mpaka mlangoni, na waliokosa nafasi walisimama nje. Kola ile ilipaswa kufuliwa, kutiwa wanga na kupigwa pasi mkunjo baada ya mkunjo. Katika makao ya wachungaji kazi hiyo ilikuwa ya mikono ya wanawake.

Utaratibu uliofuatwa ulikuwa ule wa mwaka 1685, uliotungwa kwa ajili ya Denmark na Norwei wakati nchi hizo zilipokuwa chini ya mfalme mmoja. Wahamiaji waliukumbatia. Waliokuwa wamepoteza milima, ndugu na makaburi ya wazazi wao walitaka angalau ubatizo wa mtoto wao usikike kama ubatizo wao wenyewe. Tena utaratibu huo ulikuwa na mambo mengi yaliyomgusa mwanamke. Mama aliyejifungua alikaa nyumbani kwa majuma kadhaa, kisha akapokewa tena na mchungaji kanisani kwa maneno ya shukrani. Mahali pasipokuwa na kanisa, wala mlango wa kanisa wa kumpokelea, desturi hiyo ilibidi ijipindepinde kulingana na nyumba.

Lakini ningependa wanafunzi wetu wa teolojia watazame hasa ubatizo wa dharura. Walutheri walifundisha tangu mwanzo kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, na utaratibu wa 1685 uliwataja wakunga na jinsi walivyopaswa kufundishwa jambo hilo. Mtoto akiishi, mchungaji aliuliza mbele ya mashahidi yaliyotendeka, akauthibitisha ubatizo, hakuurudia. Katika Norwei hiyo ilikuwa kanuni ya akiba. Katika mbuga za Iowa, ambako Wanorwei walianza kufika mwaka 1850 na wachungaji kutoka Wisconsin walipita kwa nadra, na ambako hata baada ya 1853 mchungaji aliweza kuwa umbali wa safari ya siku mbili, kanuni ya akiba ilikuwa tegemeo la kila mzazi. Mkunga, au bibi, au jirani, ndiye aliyekuwa karibu. Mwanamke ambaye hakuruhusiwa kusoma somo mbele ya usharika aliweza, kwa idhini kamili ya kanisa, kushika maji na kumtia mtoto katika jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, alimradi mauti yamesimama mlangoni. Teolojia yetu haijauliza vya kutosha juu ya jambo hili.

Swali la nani aseme katika kanisa lilikuwa moto miongoni mwa Wanorwei. Sheria ya 1741 ilikuwa imekataza mikutano ya dini isiyosimamiwa na mchungaji, na kwa ajili yake Hans Nielsen Hauge (1771–1824), mwana wa mkulima aliyehubiri kote nchini, alikaa kifungoni miaka mingi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1842. Miongoni mwa wafuasi wa Hauge walikuwako wanawake waliohubiri. Sara Oust (1779–1822) ndiye ajulikanaye zaidi. Wengi wa wahamiaji waliguswa na uamsho huo, na huko Marekani Elling Eielsen aliwaongoza baadhi yao nje ya kanisa la wachungaji waliosoma chuo kikuu. Sinodi ya Kinorwei, iliyoanzishwa 1853, mwaka uleule wa safari ya akina Koren, ilishikilia kwamba kufundisha hadharani ni kazi ya aliyeitwa kwa halali. Nia yake ilikuwa kulinda mafundisho, na sina haja ya kuidharau. Matokeo yake kwa wanawake ni kwamba mlango mdogo uliofunguliwa na uamsho ulifungwa tena, wakabaki na sala za nyumbani, kumfundisha mtoto Katekisimo Ndogo na maelezo ya Pontoppidan kabla ya kipaimara, na kuimba.

Tusidhani kwamba sala za nyumbani zilikuwa jambo dogo. Jumapili nyingi ambazo mchungaji alikuwa mbali hazikuwa na ibada nyingine.

Pamba na ardhi

Turudi kwenye pazia. Wasomaji wetu wanalijua neno merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar kwa wingi, na kikasafiri na misafara hadi bara. Pamba ya Marekani ya siku zile ilichumwa kwa mikono ya watumwa wa majimbo ya kusini, ambao kwa hesabu ya 1860 walikaribia milioni 4. Iowa haikuwa jimbo la watumwa, na mkulima wa Kinorwei aliyefika huko hakuwa na mtumwa. Lakini pamba ilikuwa katika kila nyumba, mwilini na dirishani.

Shajara inaishia 1855, na jambo hili lililipuka baadaye. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, watu wa sharika waliwauliza wachungaji wao juu ya utumwa. Wachungaji wa Sinodi walijibu kwamba kwa Neno la Mungu kuwa na watumwa si dhambi kwa asili yake, ingawa utumwa ni uovu na adhabu, na ukatili ufanywao ndani yake unalaaniwa. Walifuata hoja za ndugu zao wa Sinodi ya Missouri, ambao chuo chao cha St. Louis kilikuwa kikiwafundishia wanafunzi wa Kinorwei. Washarika wengi walighadhibika. Claus L. Clausen, mmoja wa wachungaji waliokubali tamko hilo, aliondoa kibali chake, na mwaka 1868 akatoka katika Sinodi. Wakati huohuo vijana wa Kinorwei walikuwa wanakufa katika kikosi cha 15 cha Wisconsin. Kamanda wao, Hans Christian Heg, aliuawa Chickamauga mwezi Septemba 1863.

Nalitaja hili kwa sababu moja. Wachungaji waliotoa jibu lile walikuwa wasomi wa Kigiriki na Kiebrania, wenye maktaba nzuri. Wakulima waliowapinga walikuwa wamesoma Biblia kwa mwanga wa mshumaa, mara nyingi baada ya kufundishwa herufi na mama zao. Katika shauri hili historia imewapa haki wakulima.

Ardhi nayo haikuwa tupu. Watu wa Ho-Chunk, ambao wazungu waliwaita Winnebago, walikuwa wamewekwa katika sehemu hiyo ya Iowa na serikali, wakalindwa na askari wa Fort Atkinson iliyojengwa tangu 1840, kisha mwaka 1848 wakaondolewa na kupelekwa Minnesota. Wanorwei walianza kufika miaka miwili tu baadaye. Kaunti ya Winneshiek imepewa jina la chifu wa Ho-Chunk. Decorah imepewa jina la kiongozi mwingine wao. Kila mara Elisabeth alipoandika jina la mji alikokwenda kununua vitu vyake aliandika jina la mtu aliyefukuzwa. Huenda tunamdai mengi mwanamke wa miaka 21 aliyekuwa na baridi miguuni. Walakini sisi tunaoandika historia ya sharika hizo tukisema kwamba zilianza katika mbuga tupu hatuna udhuru huo.

Nyumba yake mwenyewe

Majira ya baridi yalipokwisha akina Koren waliiacha nyumba ya Egge, wakakaa kwa wenyeji wengine, na kabla ya mwaka 1854 kwisha wakahamia nyumba ya mchungaji iliyojengwa na washarika. Ilikuwa ya magogo nayo, lakini ilikuwa na mlango ambao mwanamke huyu angeweza kuufunga. Katika kurasa za siku hizo sauti yake hubadilika: anapanga vitu, anapanda bustani, anaogopa nyoka.

Uhuru huo ulikuja na kazi. Nyumba ya mchungaji ilikuwa hoteli isiyo na malipo; kila mchungaji mgeni, kila mhamiaji aliyepotea njia, kila mwanafunzi alijua mlango wake. Mshahara ulitegemea sadaka za sikukuu tatu, Krismasi, Pasaka na Pentekoste, na kile ambacho watu walitoa kwa ubatizo na ndoa, pamoja na unga, siagi na nyama. Mwaka mbaya shambani ulikuwa mwaka mbaya mezani kwa mchungaji. Sabuni ilipikwa nyumbani kwa majivu na mafuta ya wanyama, na mishumaa ilimiminwa kwa mikono. Magonjwa hayakukosekana. Kipindupindu kilifuata njia za wahamiaji kati ya 1849 na 1854. Hata homa ya malaria, ambayo wengi wetu huidhani kuwa mali ya Afrika peke yake, iliwatikisa wakulima wa mabonde ya Mississippi kila kiangazi, na dawa ya kwinini iliuzwa katika maduka yao.

Wake wengine wa wachungaji walipita njia hiyohiyo. Linka Preus, aliyefika Spring Prairie, Wisconsin, mwaka 1851, naye aliandika shajara, tena alichora picha za maisha yao, alifariki 1880. Diderikke Brandt, ambaye mumewe alifundisha Luther College, alikusanya wanawake wa Decorah kushona na kutia viraka nguo za wanafunzi. Vyama vya akina mama vilivyoenea baadaye katika sharika za Kinorwei vilianza kwa mikutano ya namna hiyo: sindano, kahawa, kusomeana, na sanduku la fedha. Fedha za soksi na vitambaa vya meza zilijenga makanisa na kuwapeleka wamisionari Madagaska na China. Wanawake hao, katika mikutano mikuu ya usharika iliyopanga matumizi ya fedha hizo, hawakuwa na kura.

Kuhusu chuo, habari ni chungu zaidi. Luther College ilianzishwa 1861 na kuhamia Decorah mwaka uliofuata. Jengo lake kuu liliwekwa wakfu tarehe 14 Oktoba 1865, na maelfu ya watu waliohudhuria walilishwa. Chuo hicho kilijengwa kwa michango ya mashamba ambayo wake walilima na kukamua pamoja na waume zao. Kilipokea wavulana. Mabinti wa wachungaji walijifunza nyumbani kwa mama zao, waliojua lugha na muziki, na shule ya juu ya wasichana wa Kilutheri huko Red Wing, Minnesota, ilifunguliwa 1894, ikaungua 1920. Luther College ilifungua milango yake kwa wanawake mwaka 1936. Tangu mwaka wa kuanzishwa ni miaka 75. Elisabeth Koren aliishi karibu na chuo hicho zaidi ya nusu karne, akawaona wavulana wa Washington Prairie wakiingia humo na kutoka wakiwa wachungaji.

Alifariki 1918, miaka miwili kabla ya katiba ya Marekani kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Mwaka 1914, alipokuwa na miaka 82, watoto wake walichapisha huko Decorah sehemu za shajara na barua zake kwa Kinorwei, kwa jina la Fra Pioneertiden. Tafsiri ya Kiingereza ya David T. Nelson ilitolewa mwaka 1955 na chama cha historia ya Wanorwei wa Marekani. Nyumba ya magogo yenye chumba kimoja nayo ilihifadhiwa, na imo katika makumbusho ya Vesterheim mjini Decorah. Inaitwa nyumba ya Egge na Koren, na jina la wenye nyumba limetangulia.